Blanketi Lililorudi kutoka Moteng

Pale Butha-Buthe, kaskazini mwa Lesotho, mtu akikuambia "ile ilikuwa harusi ya 'Malikeleli," usidhani anamtaja bibi harusi. Anamtaja mama mmoja mfupi, mjane, mwenye kilemba cha kijani na macho yasiyotulia, ambaye kwa miaka mingi ameandaa harusi za watu kama mtu anayelea watoto wa kuazima. Ndiye anayejua turubai lifungwe upande gani ili moshi wa majiko usiwafuate wakwe. Ndiye anayechemsha gemere, kinywaji cha tangawizi ambacho kikikosekana harusi ya Wasotho inageuka kuwa mkutano tu wa kijiji. Akipita uwanjani, wapishi hunyoosha migongo, na vijana wanaokokota viti hukumbuka kwamba viti hubebwa.

Jina lake la kuzaliwa ni Nthofela. 'Malikeleli alipewa na wakwe siku alipoolewa, kama ilivyo desturi, na tangu siku hiyo dunia nzima ikalisahau lile la kwanza. Dunia nzima isipokuwa mtu mmoja, kaka yake, Seabata.

Baba yao alikufa mapema. Seabata akaenda migodini Afrika Kusini ndevu zikiwa bado hazijakolea, na viatu vyote alivyovaa Nthofela kwenda shule vilitoka katika mwamba aliokuwa akiutoboa kaka yake huko chini. Dada alipofika wakati wa kuolewa, ni Seabata aliyesimama mahali pa baba. Katika ukoo wao binti hatoki uani mpaka baba amfunike blanketi kwa mikono yake mwenyewe na kumpa maneno ya kuondokea. Hawatumi mtu kuifanya kazi hiyo. Nthofela hakusahau uzito wa mikono ile mabegani mwake, wala maneno yake: "Nenda. Siku ukisikia baridi, ujue si kwa sababu hukufunikwa."

Baadaye mume wake alifariki, na haukupita muda mrefu mke wa Seabata naye akafariki, akamwacha binti mmoja mdogo, Puseletso. Seabata akamwita dada yake arudi uani. "Mimi nina mtoto asiye na mama," alimwambia, "na wewe una mikono isiyo na mtoto. Tusiwape majirani kazi ya kutuhurumia." Basi 'Malikeleli akamlea Puseletso, na Seabata akaendelea kuteremka mgodini hadi siku aliporudishwa nyumbani na kile wanachorudi nacho wengi, kifua kilichojaa vumbi la mawe. Akitembea kutoka kibandani hadi kisimani ilibidi asimame njiani, akijifanya anatazama kuku.

Puseletso akasoma, akaenda Cape Town, akapata kazi huko, na huko akampata Tefo, kijana mpole wa Qwaqwa, ng'ambo ya mpaka. Siku ya wakwe ikawekwa.

Siku hiyo 'Malikeleli alikuwa na hamu kifuani ambayo hakumwambia mtu. Puseletso alikuwa amempigia simu wiki ile na kumwambia kwamba yeye na Tefo hawataki harusi ya uani. Walitaka harusi ya mlimani, kwenye hoteli ndogo ya mawe iliyo juu ya mwinuko wa Moteng, wageni waje kwa farasi, mawingu yawe chini ya miguu yao. "Shangazi, wako watu Johannesburg wanaofanya kazi hiyo, lakini mimi namtaka mmoja tu. Ukiifanya hii, watakuita kila mahali." 'Malikeleli alicheka na kumwambia aache kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini usiku ule hakulala vizuri. Miaka yote alikuwa ameandaa harusi kati ya banda la kuku na tangi la maji. Alijiona amesimama ukingoni mwa dunia, turubai jeupe nyuma yake.

Wakwe walikuja, wakaketi ndani. Msemaji wa upande wa binti alikuwa Mphutlane, mjomba wa Puseletso, kaka wa marehemu mama yake, mtu mnene ambaye hata akinong'ona hukusanya watu. Seabata hakuwemo. Kwa desturi yao baba wa binti haketi chumba kimoja na wakwe, wasije wakasema amemuuza mtoto kwa mdomo wake. Hukaa nyumba ya nyuma, na neno lake hubebwa na dada yake, yule wanayemwita rakhali, shangazi wa upande wa baba. Akisema rakhali, amesema baba.

Ng'ombe walipokwisha kukubaliwa, Mphutlane alijifuta jasho.

"Sasa kuna hili jingine. Watoto hawa hawataki kuoana hapa wala kwenu Qwaqwa. Wanataka juu ya Moteng! Nauliza tu, wazee wangu, huko atatupokea nani? Nyani?"

"Nyani wa kule wana adabu, ntate," akajibu mzee mmoja wa upande wa Tefo, akimwita baba kwa heshima. "Wangekuwa wao wamekaa hapa, tungekuwa tumekwisha kula."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee yule akaongeza kwamba kwa upande wao hawana ubishi, mlima si wa mtu, na pengine ni bora watu wakutane mahali ambapo hakuna wa kumwambia mwenzake "hapa kwangu."

"Haya," Mphutlane akasema. "Rakhali, kamuulize mwenye mtoto."

'Malikeleli akatoka. Jua lilikuwa kali, na kuku walikuwa wamejikusanya kwenye kivuli cha mpichi. Seabata alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba ya nyuma, redio magotini, blanketi mabegani ingawa watu wengine wote walikuwa wanatokwa na jasho. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukohoa. Kifua chake kilikuwa bado kinapanda na kushuka kama mfuko ulioingiliwa na upepo.

'Malikeleli akasimama mbele yake. Swali lilikuwa fupi: utaweza kupanda Moteng? Lakini alijua kwamba majibu ni mawili tu. Akisema hapana, mlima umekwisha, na turubai jeupe limekwisha. Akisema ndiyo, yeye 'Malikeleli atajua kwamba ni uongo wa mtu anayempenda mwanawe, na atalazimika kuukataa.

"Umekula, abuti?" akauliza. Abuti, yaani kaka, ndivyo alivyomwita tangu utoto.

"Bado. Wageni kwanza."

"Nitakuletea."

"Wanasemaje huko ndani?"

"Wanacheka."

"Vizuri. Posa ya vicheko huwa na heri." Akarudisha sikio kwenye redio.

'Malikeleli akarudi ndani. Macho yote yakamgeukia.

"Hakukataa," akasema.

"Kunyamaza kwa baba ni kukubali!" Mphutlane akapiga makofi. "Leteni gemere, koo zimekauka kama wakili aliyeshindwa."

Watu walikunywa, wakala, wakaimba. Sahani aliyomwahidi kaka yake aliikumbuka jua lilipokwisha kuzama, akaikuta bado jikoni, mafuta yameganda juu ya mchuzi.

Asubuhi yake alimkuta Seabata anaota jua. Akamtazama dada yake kwa jicho moja, jingine amelifumba kwa mwanga.

"Nasikia nimekubali kwenda Moteng."

'Malikeleli akasimama na ndoo yake ya maji. "Abuti, kama unaona—"

"Hapana, hapana. Nimesikia tu. Mphutlane akizungumza, hata waliokufa husikia."

Angeweza kuketi pale pale chini. Ndoo ya maji aliyoibeba haikuwa nzito kiasi hicho. Lakini alisema chai itapoa, akaenda.

Mpango ukaanza, na kusema kweli haikuwahi kutokea kazi iliyompa furaha kama ile. Alipanda Moteng na Puseletso kwa basi, siku ya anga safi, upepo ukikata masikio. Hoteli ilikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na ng'ambo ya ukuta hapakuwa na kitu, ila mikunjo ya milima, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka macho yachoke. Puseletso alinyoosha mikono akazunguka kama mtoto.

"Shangazi, hebu ona! Hebu ona!"

"Naona. Ukianguka hapo hakuna harusi, ni matanga."

Akapima mahali pa turubai kwa hatua zake, akaamua kamba zifungwe kwenye mawe makubwa maana vigingi visingeshika katika udongo ule mwembamba. Akazungumza na wenye farasi. Akapata mchungaji wa kanisa asiyeogopa baridi, wa kufungisha ndoa. Alitaka hata wapishi waje kuonja maji ya kule, kwa sababu maji ya juu huchemka upesi lakini hayaivishi maharage.

Walipokuwa wanasubiri basi la kushuka, Puseletso alijikunyata ndani ya koti. "Shangazi," akasema, "na baba? Na hewa hii?"

"Baba yako anaujua mlima huu kuliko sisi sote," 'Malikeleli akajibu.

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilisemeka kwa wepesi.

Alimpelekea Seabata picha kwenye simu. Kaka yake aliishika ile simu kwa mikono miwili kama yai, akaitazama muda mrefu.

"Huu mteremko nyuma ya hoteli, unaona? Hapo ndipo ilipokuwa kambi yetu ya mifugo. Nilikuwa nalala hapo na kondoo wa babu yetu, kabla ya migodi. Asubuhi moja niliamka nimefunikwa theluji, nikadhani nimekufa, nikaanza kujililia mwenyewe." Akacheka taratibu, kwa sababu kicheko nacho kilikula pumzi. "Nilidhani nitarudi. Mtu hudhani atarudi."

"Basi utarudi."

"Kuna upepo hapo, Nthofela."

"Maturubai tutayafunga kwenye mawe."

"Sizungumzii maturubai."

Akamrudishia simu. Na 'Malikeleli, mtu anayeona kiti kilichopinda kutoka mwisho wa uwanja, aliipokea ile simu na kumuonyesha picha za farasi.

Baada ya siku hiyo Seabata alijinunulia buti mpya. Kila asubuhi alitoka kutembea kwenda dukani na kurudi, fimbo mkononi, akisimama kwenye kila jiwe. Majirani hawakumwacha salama.

"Ntate Seabata, anaolewa binti au unaolewa wewe?"

"Mimi. Mume wangu ni mrefu, anaitwa Moteng, hapendi mke mvivu."

Watu walicheka, na 'Malikeleli akicheka nao jikoni aliwaambia wapishi, "Mnaona? Harusi imemponya." Hakujua kwamba Seabata alikuwa ameacha kwenda kliniki, asije akaambiwa na muuguzi lile asilotaka kuambiwa. Wala hakujua kwamba blanketi la kumfunikia binti lilikuwa limetolewa sandukuni, lile lenye mistari na picha za magunzi ya mahindi, alilolinunua mwaka wake wa mwisho mgodini, Puseletso akiwa bado mwanafunzi. Alikuwa akilianika juani mwenyewe mara dada yake anapotoka, litoke harufu ya dawa ya nondo.

Harusi ilikuwa ya mwezi wa nne, majani ya mipichi yakiwa yamegeuka manjano. Siku moja kabla yake watu walianza kupanda. Puseletso na rafiki zake walitangulia. Wakwe walikwenda na kondoo wao, yule anayechinjwa kumpokea bibi harusi. Mphutlane alibaki nyuma apakie mapipa ya gemere. 'Malikeleli na kaka yake walipanda pikapu ya jirani yao Pitso, Seabata dirishani, buti mpya, kofia, blanketi limekunjwa kwenye mfuko magotini.

Bondeni alikuwa anasema. Alitaja kila kijito, kila boma lililobomoka. Barabara ilipoanza kujikunja na masikio kuziba, maneno yakapungua. 'Malikeleli alidhani anatazama. Kwenye kona ambapo malori hunguruma kama wanyama waliokwama, alihisi mkono umemshika kiwiko.

"Nthofela. Mwambie Pitso apunguze."

Pitso hakupunguza, alisimama kabisa. Midomo ya Seabata ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Walimshusha, wakamkalisha kwenye ukuta mdogo wa kando ya barabara. Alivuta hewa kwa mdomo, kwa mabega, kwa tumbo, kwa kila kiungo, na hewa ikamkataa.

"Kule mgodini," akasema, akikatakata maneno, "walitushusha chini, hewa hakuna. Wewe umenipandisha juu, hewa hakuna. Hii hewa ya Mungu... wameiweka wapi?"

"Usiseme, abuti."

"Nilitaka kupaona tu."

Ndipo alipomwambia habari ya kliniki. 'Malikeleli alimsikiliza, na barabara yote chini yao ikaonekana kama kamba aliyoisuka kwa mikono yake.

Gari la Mphutlane likatokea, mapipa yakigongana nyuma. Alishuka akiwa na utani mdomoni, akaona, akaumeza.

Seabata akakaa kidogo, akakusanya pumzi kama mtu anayeokota shanga. Kisha akafungua mfuko, akalitoa blanketi, akamwashiria dada yake asogee. Alipoinama, alilizungusha mabegani mwake. Mikono ilikuwa imepungua nyama, lakini 'Malikeleli aliitambua. Alijiona tena msichana wa siku ile, uani.

"Wewe ni baba yake wa kike," Seabata akasema. "Nenda na Mphutlane. Kesho asubuhi, kabla hajatoka mlangoni, mfunike. Maneno unayajua. Mimi nitashuka na Pitso."

"Siwezi kukuacha hivi."

"Sikuombi uniache. Nakutuma."

"Nitakufikisha hospitali kwanza."

"Pitso ana macho. Ana gari. Nitashuka, hewa itarudi, naijua. Nenda, Nthofela."

"Abuti, nyamaza, usimalize pumzi!" Alisema kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na machozi yale yalimfanya ajione mwema. "Mimi ndiye niliyekuleta, mimi ndiye nitakayekurudisha."

Seabata akamtazama. Kisha akanyamaza.

Mphutlane akakohoa kidogo. "Shemeji, nipe mimi nilipeleke."

"Mkono wako ni wa kupokea ng'ombe, shemeji, si wa kutoa mtoto," Seabata akamjibu, na hata pale midomo yake ikajaribu kutabasamu.

Basi gemere ikapanda, na blanketi likashuka.

Kilichomuumiza 'Malikeleli baadaye ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Walipofika bondeni rangi ilianza kurudi usoni mwa kaka yake. Hospitali walimwekea oksijeni, na kabla taa hazijawashwa alikuwa anamuuliza muuguzi kama hapo huwa hawanywi chai. Pitso angetosha. Pitso na gari lake na macho yake mawili. 'Malikeleli aliketi kwenye benchi, blanketi limekunjwa mapajani, akafikiria kupanda tena. Lakini giza lilikuwa linaingia na Pitso hakutaka Moteng ya giza, na asubuhi ukungu ulishuka ukaifunga barabara mpaka mchana.

Harusi ilikwenda vizuri. Hilo ndilo walilomwambia wote, wakidhani wanamfariji. Picha zilianza kuingia kwenye simu yake baada ya mmoja wa wageni kufika mahali penye mtandao. Turubai halikutikisika. Farasi walikuja wamepambwa, mchungaji ameshika kofia isipeperuke. Hakuna aliyelala njaa, maharage yaliiva. Lile aliloliota usiku ule lilitokea kama alivyoliota, isipokuwa yeye hakuwemo.

Kulikuwa na picha moja ambayo aliyeipiga hakuona maana yake. Puseletso amesimama mlangoni pa hoteli, gauni jeupe, mabega wazi kwenye baridi ile. Watu nyuma yake wanacheka. Yeye anatazama barabara. Mphutlane alikuwa amemweleza yote usiku, tena kwa sauti ya chini, jambo lililowatisha watu kuliko habari yenyewe. Lakini asubuhi, alisema Mphutlane, mtoto alikataa kutoka. "Rakhali atakuja," alisema. "Baba akishindwa, rakhali huja." Walimsubirisha mchungaji mpaka mchungaji akaanza kuangalia mawingu. Kisha mama mkwe, kwa huruma, akamfunika blanketi la kwao, na bibi harusi akatoka.

Puseletso alishuka baada ya siku chache. Wakwe walikuwa wamekwisha kumchinjia kondoo, wamekwisha kumpa jina jipya, 'Mabohlokoa. Aliingia nyumba ya nyuma akapiga magoti kando ya kitanda cha baba yake, akalaza kichwa kwenye godoro. 'Malikeleli akaja na blanketi, akaliweka mkononi mwa Seabata. Hakuthubutu kumtazama mtu.

Seabata akapapasa magunzi ya mahindi kwa kidole gumba.

"Hili ni la binti anayetoka," akasema taratibu. "Huyu amekwisha kutoka."

"Baba, nifunike tu," Puseletso akasema. "Hakuna atakayejua."

"Mkweo amekufunika. Blanketi juu ya blanketi ni ugomvi, mwanangu. Watauliza, tulichomvika sisi kilikuwa na tundu?" Akamshika shavu. "Umependeza kwenye picha. Nenda salama, 'Mabohlokoa."

Puseletso alikuwa amejizuia mpaka hapo. Jina lile, kutoka mdomo ule, ndilo lililomvunja.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Watu wa Hlotse, wa Maseru, hata wa Bloemfontein, wote wakiitaka harusi kama ile ya Moteng. 'Malikeleli aliwaambia hapandi tena mlima, magoti yake yamechoka. Wengine walisema anaringa. Akaendelea na harusi zake za uani, kati ya banda la kuku na tangi la maji. Ila alianza tabia moja iliyowashangaza watu. Mahali popote walipomwita, kabla hajauliza habari za viti wala wapishi, alizunguka nyuma ya nyumba kumtafuta baba wa binti pale alipofichwa na desturi, akaketi naye chini, akasubiri mpaka mzee wa watu aseme jambo. Wengine hawakuwa na la kusema. Aliketi tu.

Kwa Seabata mwenyewe alijaribu mara moja. Ilikuwa jioni, anampa dawa.

"Abuti, siku ile ya wakwe..."

"Ile ya vicheko?"

"Ile."

"Walicheka sana," Seabata akasema. Akamshika mkono kidogo, akauachia, akaongeza sauti ya redio.

Alikufa majira ya baridi ya mwaka uliofuata, theluji ikiwa juu ya Moteng na vumbi huku chini. Puseletso alikuja kutoka Cape Town, mtoto mgongoni. Baada ya mazishi, wageni wakiwa bado uani na vyungu bado motoni, aliingia na shangazi yake nyumba ya nyuma kupanga nguo za marehemu. Buti zilikuwa chini ya kitanda, soli bado ngumu. Chini kabisa ndani ya sanduku lilikuwa lile blanketi.

Puseletso alilitandaza kitandani, akalinusa. Kisha, bila kugeuka:

"Shangazi. Siku ya wakwe, ulipotoka kwenda kumuuliza baba habari ya Moteng. Mjomba husema baba alikubali. Alisema maneno gani? Mimi nataka maneno yake yenyewe."

Nje mtu alikuwa anaita rakhali, wageni wa mwisho wamefika, wapewe nini. 'Malikeleli hakuitika. Angeweza kumpa mtoto yule maneno mazuri. Aliyajua mengi, alikuwa ameyasikia kwenye harusi za watu maisha yake yote.

"Sikumuuliza," akasema. "Nilifika mbele yake, nikamuuliza kama amekula."

Puseletso akanyamaza. Mtoto mgongoni alikuwa amelala, mdomo wazi. Ukimya ule ulikuwa wa Seabata kabisa, na 'Malikeleli safari hii hakuukimbia. Alisimama ndani yake.

"Alikuwa amekula?" Puseletso akauliza hatimaye.

"Alikuwa hajala. Nilimwambia nitamletea."

Puseletso akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa njia. Kisha akashika ncha mbili za blanketi, akamnyooshea shangazi yake zile nyingine. Blanketi lile ni kubwa, halikunjwi na mtu mmoja. Wakalinyoosha kati yao, kila mmoja upande wake wa kitanda, wakaanza kusogeleana.